Vigango vya Kilifi: Wafu waliopewa miili ya mti, kisha wakaibwa

WASOMAJI wa vitabu vya katuni za mashujaa wanaijua vyema hadithi hii. Shujaa mwenye nguvu za kuyashinda majeshi anampoteza mchumba, mwana au rafiki, na kwa kuwa amezoea kushinda, anakataa kukiri kwamba kifo kimemweza. Anatafuta dawa, mashine au uchawi wa kumrudisha marehemu. Mara nyingi hufaulu, lakini aliyerudi huwa si yule aliyeondoka.

Katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia vijiji vilivyo nyuma ya hoteli za Kikambala hadi maeneo ya bara ya Malindi, Wamijikenda wana njia yao ya kukabiliana na uchungu huo huo. Wao hawamfufui marehemu. Humchongea mwili wa mti, wakamsimamisha karibu na makazi ya jamaa zake, wakazungumza naye na kumtilia tembo la mnazi. Mti huo huitwa kigango, na vikiwa vingi ni vigango.

Mila hiyo ni ya kale, lakini mzozo unaoizunguka ni wa juzi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, mamia ya vigango yaling'olewa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo ya nyumbani. Tangu mwaka 2006 baadhi yake yamekuwa yakirudi Kenya, na kurudi huko kumezua maswali ambayo bado hayajapata majibu kamili.

Shujaa anayekataa kuzika

Katika katuni za Marekani, kumrudisha mpendwa aliyekufa ni mojawapo ya visa vinavyorudiwa mara kwa mara. Mwaka 1973, Gwen Stacy, mchumba wa Spider-Man, aliuawa kwa kuangushwa kutoka darajani. Kifo hicho kiliwashtua wasomaji, kwa kuwa hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba mpenzi wa shujaa hawezi kufa. Miaka miwili baadaye Gwen alionekana tena akiwa hai. Ilibainika kwamba profesa wake, Miles Warren, aliyempenda kwa siri, alikuwa amezichukua chembe za mwili wake na kutengeneza nakala yake. Sura ilikuwa ya Gwen, lakini Gwen mwenyewe alikuwa bado kaburini.

Kisa cha pili ni cha Jason Todd, kijana aliyekuwa msaidizi wa Batman. Mwaka 1988 wachapishaji waliwaachia wasomaji waamue kwa kupiga simu iwapo kijana huyo angekufa au angeishi. Kura 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka aishi. Jason akauawa. Ilipofika mwaka 2005 alirudishwa katika hadithi, naye alirudi akiwa amejaa chuki, akimlaumu mlezi wake kwa kutomlipizia kisasi muuaji.

Superman naye aliuawa mwaka 1992 na kurudi mwaka uliofuata. Kwa upande mwingine yupo Mr. Freeze, adui wa Batman, ambaye katika filamu za katuni za runinga za mwaka 1992 alipewa historia mpya: aligeuka mhalifu kwa sababu ya kumhangaikia mkewe Nora, aliyekuwa mahututi na amehifadhiwa katika barafu hadi tiba ipatikane. Watazamaji wengi walimhurumia mhalifu huyo, kwa kuwa kosa lake lilianzia katika mapenzi.

Visa hivi vyote vinafanana kwa jambo moja. Anayetaka kumrudisha marehemu hufanya hivyo peke yake, kwa siri, bila kuishauri jamii na bila kumuuliza marehemu mwenyewe iwapo anataka kurudi.

Shujaa wa pwani

Pwani ya Kenya haikukosa shujaa wake. Fumo Liyongo, anayehusishwa na eneo la Pate na mdomo wa Mto Tana, alikuwa mtu wa kimo kikubwa, mpiga upinde hodari na malenga. Kwa mujibu wa masimulizi, hakuna silaha iliyoweza kumdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo alimfichulia mwanawe, naye mwana, akiwa amehadaiwa kwa ahadi za mfalme, akamchoma babake usingizini.

Liyongo aliyejeruhiwa alitoka hadi kisimani, akapiga goti, akauvuta upinde wake na kukata roho akiwa katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai, wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa. Walimwendea mamake wakamsihi, naye akaja kumbembeleza mwanawe kwa mashairi ili atulie. Hatimaye mwili ulianguka, ndipo mama akajua kwamba alikuwa akizungumza na maiti.

Kisa hicho kimehifadhiwa katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili. Ni hadithi ya shujaa kama zile za katuni, ila inatofautiana nazo mwishoni: Liyongo harudi. Mamake hapewi dawa wala uchawi wa kumwamsha, bali anapewa maneno tu ya kumwambia.

Katika Kenya ya leo sanaa ya katuni nayo imekomaa. Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili walikua wakimcheka Juha Kalulu wa mchoraji Edward Gitau. Naye Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, aliwapa Waafrika katuni zao za mashujaa wenye nguvu za ajabu, maarufu kati yazo ikiwa ni Akokhan.

Kigango ni nini?

Wamijikenda ni jamii tisa zenye lugha na mila zinazokaribiana, nazo ni Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Mila ya vigango imestawi zaidi miongoni mwa Wagiriama na baadhi ya majirani zao.

Kigango ni ubao mrefu na mwembamba uliochongwa kutoka kwa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Urefu wake hutofautiana, na vingine humpita mtu mzima kwa kimo. Juu kabisa huwa na kichwa, mara nyingi cha mviringo na bapa, na kwa nadra kilichochongwa kwa umbo kamili la kichwa cha binadamu. Sehemu ya chini, iliyo kama kiwiliwili, hujazwa nakshi za pembetatu na maumbo mengine yanayojirudia, yaliyochongwa kwa ncha ya kisu na kupakwa rangi. Vipande vya nguo hufungwa juu yake, kwa kuwa marehemu naye huvishwa.

Si kila marehemu hupata kigango. Heshima hiyo ni ya wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na hadhi ambacho mtu hujiunga nacho kwa kutoa karamu na malipo kwa wanachama waliomtangulia. Marehemu wengine katika familia zinazofuata mila huwekewa koma, ambayo ni miti midogo isiyo na nakshi nyingi. Neno koma vilevile hutumiwa kwa roho za waliofariki, na hilo laonyesha jinsi mti na roho visivyotenganishwa katika fikra za wenyeji.

Kwa sababu hiyo, kukiita kigango sanamu ni kukosea. Sanamu humwakilisha mtu ambaye hayupo. Kigango, kwa waumini wa mila hiyo, ndicho kikao cha roho ya marehemu, na kukigusa ovyo ni kumgusa yeye.

Marehemu ndiye anayeomba

Hapa ndipo mila ya Wamijikenda inapoachana kabisa na hadithi za katuni. Kigango hakisimamishwi kwa sababu waliobaki wamezidiwa na huzuni. Husimamishwa kwa sababu marehemu mwenyewe amekitaka, na huenda akakitaka miaka mingi baada ya kuzikwa.

Dalili huja kwa njia mbalimbali. Jamaa mmoja humwota marehemu akilalamika kwamba anapata baridi au amesahauliwa. Mtoto huugua ugonjwa usioponyeka, mifugo hufa, mvua hukosekana shambani. Familia humwendea mganga wa kupiga ramli, naye akishathibitisha kwamba mzee fulani anataka kigango, matayarisho huanza.

Matayarisho hayo si mepesi. Mchongaji hulipwa, wanachama wa Gohu hualikwa, mbuzi na kuku huchinjwa na tembo la mnazi hutengwa kwa wingi. Familia maskini yaweza kuchukua miaka kukusanya gharama, na wakati huo wote humsihi marehemu avumilie. Siku ikifika, kigango husimamishwa, sadaka hutolewa, na wazee humwarifu marehemu kwamba ombi lake limetimizwa, nao wakamwomba awaache watoto wapumue.

Baada ya hapo kigango huwa sehemu ya makazi. Kabla ya kupanda, kabla ya safari ndefu au ndoa, mwenye mji huenda kuzungumza na babake au kaka yake pale aliposimama. Marehemu hakurudishiwa uhai, lakini amerudishiwa nafasi yake katika mazungumzo ya familia.

Kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba kigango kikishasimamishwa hakiondolewi. Familia ikihamia kwingine kutafuta rutuba, kama ilivyokuwa kawaida ya wakulima wa eneo hilo, huviacha vigango mahali pale pale vioze polepole na kuwa udongo. Kuvihamisha ni kuisumbua roho iliyokwisha kutulia. Kanuni hiyo, iliyokusudiwa kuwalinda wafu, ndiyo iliyokuja kuwaponza.

Kikambala na mipaka ya utalii

Kikambala iko kaskazini mwa Mtwapa, kando ya barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Malindi. Upande wa bahari kuna fuo za mchanga mweupe na hoteli za kitalii. Upande wa pili wa barabara huanza mashamba ya minazi, mikorosho na mahindi, na ukizidi kwenda bara ndipo zinapopatikana kaya za kale za Wachonyi, Wajibana na Wakambe. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Ni mahali panapojua msiba. Tarehe 28 Novemba 2002, bomu lililipuliwa katika hoteli ya Paradise, Kikambala, na kuwaua Wakenya 10 na Waisraeli 3, mbali na washambuliaji wenyewe. Miongoni mwa Wakenya waliokufa walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni mlangoni. Watu waliokuwa wamekwenda kutafuta riziki asubuhi walirudishwa vijijini wakiwa maiti.

Utalii huo huo uliowapa vijana ajira ndio pia uliofungua soko la vigango. Kuanzia miaka ya 1970, wageni waliotafuta kumbukumbu za safari zao walivutiwa na maumbo hayo, na maduka ya vinyago ya pwani yakaanza kuviuza. Wachongaji wangeweza kutengeneza vipya, lakini wanunuzi walitaka vikongwe vilivyopigwa na jua na mvua. Vijana wasio na kazi wakaanza kung'oa vya kweli usiku na kuviuza kwa pesa kidogo. Vilipofika katika maduka ya sanaa ya Marekani, kimoja kiliweza kuuzwa kwa maelfu ya dola.

Wauzaji walijitetea kwa kusema kwamba vigango hivyo vilikuwa vimetelekezwa. Kwa macho ya mgeni, mti uliosimama peke yake katika shamba lisilokaliwa na mtu ulikuwa mali isiyo na mwenyewe. Kwa Mmijikenda, mti huo ulikuwa mahali hasa ulipotakiwa kuwa.

Picha iliyofichua wizi

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alikuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wagiriama. Mzee mmoja alimwomba ampige picha akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyokuwa amewasimamishia ndugu zake waliofariki. Mtafiti huyo aliporudi kumpelekea mzee picha yake, alikuta vigango vyote viwili vimeibwa.

Miaka 14 ilipita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi wa masuala ya Afrika nchini Marekani, Udvardy alikitambua kimojawapo cha vigango hivyo katika picha zilizoonyeshwa ukumbini. Kilikuwa kimehifadhiwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, chenye vigango 99. Chuo hicho kilianzishwa kwa ajili ya kuwaelimisha Wamarekani weusi waliokuwa wametoka utumwani.

Udvardy alishirikiana na Linda Giles na mtafiti wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, John Mitsanze, kufuatilia biashara hiyo. Katika ripoti yao ya mwaka 2003 walieleza kwamba walikuwa wamehesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Vingine vilikuwa katika nyumba za watu binafsi, wakiwemo waigizaji maarufu wa filamu wa Hollywood, ambao wengi wao walivinunua bila kujua vilikotoka.

Picha ile moja ilikuwa na uzito wa pekee. Kwa kawaida makumbusho huweza kudai kwamba hakuna ushahidi wa wizi. Safari hii alionekana mzee aliyejulikana kwa jina, amesimama nyumbani kwake, kando ya ndugu zake. Makumbusho yote mawili yalikubali kuvirudisha, na mwaka 2007 familia ilikipokea kigango kwa sherehe. Ili kisiibwe tena, kiliwekewa kizuizi cha vyuma.

Safari ngumu ya kurudi

Baada ya hapo wengine walifuata. Mwaka 2014 makumbusho ya sayansi ya mji wa Denver yalitangaza kwamba yangerudisha vigango 30 yaliyopewa mwaka 1990 na mwigizaji Gene Hackman na mtayarishaji wa filamu Art Linson. Hoja yao ilikuwa kwamba vitu vya namna hiyo ni mali ya jamii nzima, hivyo hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kuviuza, hata kama ni wa ukoo huo huo.

Utekelezaji ulichukua miaka. Mojawapo ya vikwazo ilikuwa ushuru wa forodha, kwani kwa mujibu wa karatasi za bandari na uwanja wa ndege, vigango vilikuwa bidhaa za sanaa zinazoingizwa nchini, si wazee wanaorudi makwao. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois nayo yaliikabidhi Kenya vigango 37.

Hata hivyo, kufika Nairobi si kufika nyumbani. Walioviiba hawakuandika majina ya marehemu wala ya vijiji, na wauzaji hawakuuliza. Kwa vigango vingi hakuna anayeweza kusema ni mzee gani, wa ukoo upi, aliyesimama katika shamba gani. Kigango cha aina hiyo kikirudishwa kitalindwa katika makumbusho, lakini hakuna mjukuu wa kukitilia tembo wala wa kukieleza habari za nyumbani.

Liko pia suala la ulinzi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 imeongeza uwezo wa serikali wa kuzuia biashara ya turathi, lakini vigango husimama wazi mashambani, mbali na polisi na askari wa makumbusho. Kukifungia kigango nyuma ya vyuma kunakiokoa dhidi ya mwizi, lakini pia kunabadilisha desturi ya kukiacha huru hadi kioze chenyewe.

Mila inayopungua

Idadi ya wanaosimamisha vigango imepungua sana. Wengi katika eneo la Kilifi ni Wakristo au Waislamu, na viongozi wa dini zote mbili hukemea matambiko ya wafu. Gharama nazo zimepanda, wachongaji wanaozijua nakshi na miiko ni wachache, na chama cha Gohu hakina tena nguvu iliyokuwa nayo zamani. Ziko familia ambazo mwana mmoja hwenda kanisani, wa pili msikitini, na wa tatu ndiye anayebaki kumkumbuka babu mbele ya kigango.

Lakini katika familia zilizoibiwa, suala hili halijawa la imani peke yake. Zipo zinazohusisha ukame, maradhi na vifo vilivyofuata na kung'olewa kwa wazee wao, na zipo zisizoamini hayo lakini bado zinaona kwamba zilidhulumiwa. Kwa wote hao, marehemu alipotea mara mbili: mara ya kwanza kwa kifo, ambacho mila iliwapa njia ya kukikubali, na mara ya pili kwa mikono ya watu, ambayo mila haikuwa imeitayarishia dawa.

Ndiyo maana wazee wa Kimijikenda wanaofuatilia suala hili hawazungumzii bei wala thamani ya sanaa. Wanachotaka kujua kwa kila kigango kinachoteremshwa kutoka kwenye ndege ni jina lake. Watafiti nao wanaendelea kulinganisha nakshi, picha za zamani na kumbukumbu za vijiji, kwa matumaini kwamba baadhi ya vile vilivyo ghalani bado vinaweza kupatikana vilikotoka kabla ya wanaovikumbuka kufariki.